Mshenga wa Printa Kuukuu

Mlio macho, semeni tupo!
— Tupo!
Mliolala je?
— Wamekosa!
Nianze, nisianze?
— Anza, bibi, chai inapoa!

Haya. Hapo kale, tena si kale sana maana sola ilikwishakuwapo, aliishi Pimbi mmoja jabalini. Pimbi mnamjua. Mdogo kama sungura, masikio mafupi, mkia hana. Huyu walimwita Mama Sikudhani, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa na watoto watatu, Sikudhani, Tabu na Kitwana, wanene wote, na pango aliloachiwa na marehemu mama yake. Pango zuri kweli. Mvua haiingii, upepo hauingii.

Basi Chatu akalitaka. Akalitaka pango, na akawataka waliomo ndani.

"Pango langu hili," akasema Chatu. "Babu yangu alilala humu."

"Alilala siku moja tu," akajibu Mama Sikudhani. "Siku aliyomla babu yangu."

Mimi kesi za ndugu nimeziona nyingi, za mashamba, za mabati, hata ya sufuria moja ambayo mpaka leo shangazi zenu wawili hawasalimiani. Lakini hii ilikuwa mbaya, kwa sababu atakayeshindwa analiwa.

Kesi ikaenda kwa Mzee Tembo. Mzee Tembo akakaa nje ya ofisi ya baraza pale chini ya jabali, akapiga mguu ardhini, tii!

"Sikilizeni. Kila mmoja aniletee karatasi ya madai yake, ya mashine, si ya mkono. Za mkono baadaye mnazikataa. Kivuli cha jabali kikifika mguuni pangu, nitaita majina. Nikikuita mara tatu, uitike kwa kinywa chako mwenyewe. Asiye na karatasi hana pango. Asiyeitika hana pango. Na hapa barazani hakuna kulana mpaka nimalize. Atakayemgusa mwenzake nitamkanyaga."

Wote wakaitikia, sawa mzee.

Ofisini mlikuwa na kompyuta mpya na printa mpya. Chatu akaingia wa kwanza, maana nani atamzuia? Printa ikafanya zip! Karatasi ikatoka. Chatu akaiviringisha, akaifungia kwenye pindo la mwili wake. Halafu akageuka. Akapanua kinywa, aaaah, akaimeza printa mpya. Gubu!

Watu wakapiga kelele. "Mzee Chatu! Printa ya ofisi hiyo!"

"Lo," akasema Chatu. "Nilidhani mbuzi amelala."

Tembo akajikuna sikio. "Amekwisha kumeza, nifanyeje sasa? Nimpasue? Anayetaka karatasi atafute mashine nyingine."

Chatu akajilaza mlangoni, tumboni ana uvimbe wa pembe nne, akamtazama Mama Sikudhani.

"Mashine haina nyama," akasema. "Bado nina njaa. Lakini sina haraka, Mama Sikudhani. Sina haraka."

Kivuli kilikuwa hatua kumi kutoka mguu wa Tembo.

Mama Sikudhani akawaacha wanawe barazani kwa Tembo, akamkimbilia Bibi Kobe, mtunza stoo. "Bibi, nisaidie, watoto wangu wanaliwa!"

"Ipo printa ya zamani," akasema Bibi Kobe. "Chini ya magunia. Mimi naye tulianza kazi mwaka mmoja."

Wakaitoa. Pana, nzito, imegeuka rangi ya njano kama jino la mzee, buibui wamejenga ndani. Karatasi zilizobaki ofisini zilikuwa nne tu. Mama Sikudhani akaiweka printa sakafuni karibu na meza. Mezani hafiki, mfupi, basi akasukuma sanduku moja bovu lililokuwa pembeni, akapanda juu yake. Akaandika madai yake, mistari mitatu: Pango hili mama alizaliwa humu. Nami nimezaliwa humu. Wanangu wamezaliwa humu. Akachomeka waya. Akabonyeza.

Kompyuta ikauliza, "Nani huyo?"

"Ni printa."

"Simjui, simtaki, mtoe."

Kivuli hatua saba. Kule mlangoni Chatu akavuta pindo moja ndani. Srrrr. "Sina haraka," akasema.

Mama Sikudhani akashuka. Akaizima printa. Akaifuta vumbi, akawatoa buibui, akapuliza, fuu, fuu. Akaizima na kompyuta. Akahesabu mpaka kumi, moyo unapiga du du du. Akawasha vyote. Akapanda sanduku, akabonyeza.

"Nani huyo?"

"Ni printa. Nimemwosha."

"Simjui, simtaki, mtoe."

Kivuli hatua tano. Chatu akavuta pindo la pili. Srrrr. Sasa kichwa chake kilikuwa chini ya meza, na harufu yake imejaa chumba kizima.

"Kitwana ndiye mnene zaidi," akasema taratibu, "au ni Tabu?"

Mama Sikudhani akaigeukia kompyuta. Alifikiri. Akasema moyoni, kama huyu hajulikani, mdogo wake je? Mdogo wake wa tumbo moja, aliyetoka kiwandani mwaka uliofuata? Akaitafuta ile orodha ndefu ya printa ambazo kompyuta inazijua. Akamkuta mdogo mtu. Akachagua jina hilo, akabonyeza.

"Nani huyo?"

"Ni mdogo mtu."

"Aaa, karibu!" ikasema kompyuta.

Mama Sikudhani karibu apige kigelegele. Printa ikatetemeka. Nyeee, chaka, nyeee, chaka. Karatasi ikatoka, na juu yake hapana pango wala mama wala watoto. Ni vinyota na vipembe na vimistari, kama kuku amekanyaga majivu akapita. Ya pili ikatoka, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo. Mama Sikudhani akairukia swichi, akazima. Karatasi imebaki moja.

Chatu akacheka mpaka ile printa tumboni ikagonga mbavu. "Zako hizo kampelekee Tembo. Mwambie umeandika lugha ya kwenu."

Kivuli hatua tatu.

Hapo Mama Sikudhani akakaa chini kando ya lile sanduku, machozi yakamtoka. Bibi Kobe akamsogelea, akainama sikioni.

"Mwanangu, unalia nini? Wewe kosa lako moja. Umekwenda kuposa mwenyewe."

"Kuposa?"

"Hawa hawajuani. Mmoja mpya, mmoja wa zamani, lugha mbalimbali. Wewe umeingia na waya wako moja kwa moja, hodi, nipeni mke. Nani angekupa? Tuma mshenga."

Na hapo Bibi Kobe alisema kweli. Mjomba wenu Athanasi si alikwenda mwenyewe? Si alirudi na kanzu imechanika? Haya.

"Mshenga nimtoe wapi sasa hivi, bibi?"

"Tangu asubuhi unamkanyaga."

Mama Sikudhani akaligeuza lile sanduku bovu. Kumbe lina kioo, kioo kina ufa. Ilikuwa kompyuta ya zamani! Ndiyo iliyokaa na printa ile miaka yote, inamjua mpaka kikohozi chake. Na ndiyo iliyoikabidhi kompyuta mpya kazi zote siku ile ilipoletwa. Inawajua wote wawili.

Moyo wa Mama Sikudhani ukaruka. Halafu ukaanguka. Maana Chatu yuko pale chini ya meza, macho wazi. Akiona mashine nyingine inawaka, ataifanyaje? Ataifanya kama ile. Gubu!

Kivuli hatua mbili.

Mama Sikudhani akafuta machozi. Akasema kwa sauti, kama anayemjibu Kobe, "Kweli bibi, ni mshenga tu. Lakini mshenga analishwa, tena anakula kabla ya wote, tena peke yake. Mimi sina cha kumlisha ila mwili wangu huu."

Kichwa cha Chatu kikainuka. "Nani analishwa?"

"Si wewe, mzee. Ni mambo ya posa."

"Nimesikia analishwa."

"Mshenga, baba. Anayepeleka maneno kati ya kompyuta na printa. Sinia lake ndimi. Nimenona, nimejitoa mwenyewe, hata Mzee Tembo hawezi kumkanyaga mtu kwa sinia aliloandaliwa."

Chatu akameza mate. "Na mimi nisiwe mshenga kwa nini? Nina kasoro gani?"

"Wewe?" Mama Sikudhani akampima kwa macho, kuanzia kichwani mpaka mkiani. "Ee, kweli. Urefu unao. Tena tumboni una printa mpya, na kompyuta anamjua huyo. Maneno yatapita ndani yako yenyewe. Lakini hutaweza. Kazi ngumu."

"Nitaweza!"

"Lazima uume mguu wa meza ya bwana harusi, umzungushie mkia bibi harusi, utulie. Ukiachia kinywa kabla hawajakubaliana, posa imevunjika, na mimi sinia nakwenda zangu."

Chatu akawaza. Karatasi yake anayo. Ya Pimbi itoke isitoke, yeye atakula sinia kwanza, halafu pango, halafu watoto. Akaona kote faida. Akauma mguu wa meza, kap! Akamzungushia printa mkia, kidogo plastiki ikalia, kraa.

"Usibane, baba! Bibi harusi ataumia!"

"Mm," akasema Chatu.

Sasa ndipo mikono ya Mama Sikudhani ilipokimbia. Ule waya mnene wa printa, wenye meno mengi, akauchomeka kwenye mgongo wa kompyuta ya zamani. Waya mwembamba akautoa huko, akaupeleka kwa kompyuta mpya. Akawasha. Ya zamani ikaguna, nguuuu. Ikanyamaza. Ikaguna tena, nguuuu. Kioo giza.

"Amka, mama," akanong'ona Mama Sikudhani. "Amka, watoto wangu."

Kioo kikawaka upande mmoja wa ufa.

Chatu akageuza jicho. Akaiona. Akaona na nyaya zote mbili. Taya likaanza kulegea.

"Usiachie, mzee! Ndiyo wanauliza mahari!"

Taya likakaza.

Kivuli kikagusa mguu wa Tembo.

"CHATU!" ikaita sauti kule nje. "Upo?"

"Mmm," akasema Chatu.

Mama Sikudhani akaweka ile karatasi ya mwisho. Akabonyeza.

Kompyuta mpya ikauliza, "Nani huyo?"

Kompyuta ya zamani ikajibu, sauti ya kukwaruza, "Ni mimi. Nina mtu wangu hapa, nisikilize."

"Haya, sema."

"CHATU! Upo?"

"Mmmmm!" Jasho lilimtoka, na tangu lini chatu akatoka jasho? Aachie, akose sinia? Asiachie, akose pango? Akamtazama Pimbi alivyonona. Akazidi kuuma.

Printa ikaanza. Nyeee, chaka. Pango hili. Nyeee, chaka. Mama alizaliwa humu. Nyeee. Ikakwama.

"Vuta pumzi, bibi harusi," akasema Kobe, akaipiga kofi la ubavuni, paa!

Nyeee, chaka, nyeee, chaka, nyeee, chaka!

"CHATU! Mara ya tatu! Upo?"

"MMMMMM!"

"Hayupo," akasema Tembo. "Mama Sikudhani! Upo?"

"NIPO!" Akaichomoa karatasi, akapita kati ya mapindo ya Chatu, akatokea mlangoni, akaisimamisha mbele ya mkonga wa Tembo. Wino bado mbichi, mistari mitatu, kila herufi mahali pake. Tembo akaisoma mara mbili.

"Pango la Pimbi," akasema, akapiga mguu, tii!

Ndipo Chatu akaachia, akachomoza nje barazani. "Nipo! Nipo! Mimi nipo!"

"Sasa hivi? Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mshenga!"

Baraza zima likaanguka kwa kicheko, hata Kobe akaingiza kichwa ndani akachekee huko. Chatu akamgeukia Pimbi, kinywa wazi, kumbe mguu wa Tembo uko juu ya shingo yake, haujakanyaga, uko juu tu.

"Sinia langu liko wapi?"

"Sinia la mshenga ni siku ya harusi, mzee," akasema Mama Sikudhani. Alikuwa tayari amembeba Kitwana mgongoni, na Tabu na Sikudhani wamemshika manyoya. "Hawa leo ndiyo kwanza wamechumbiana. Kasubiri. Si ulisema huna haraka?"

Akaingia pangoni kwake, akalala na wanawe.

Na Chatu mpaka leo ukimkuta amejikunja, kimya, siku baada ya siku, hali wala hasogei, usidhani anaumwa. Anasubiri harusi. Ukitega sikio tumboni mwake utasikia zip, zip. Mimi sikutega, nimeambiwa.

Sasa funzo. Funzo lake, wanangu, ni kwamba uongo haufai. Haufai kabisa. Mama Sikudhani alisema uongo siku moja akapata pango, akaokoa watoto watatu, akaheshimiwa na baraza zima mpaka uzeeni. Mnaona ubaya wake? Basi msidanganye. Na atakayekuja kuniambia tena nitupe ile redio yangu ya kabatini eti imepitwa na wakati, nitamkumbusha ni nani alikuwa chini ya miguu ya nani.

Nimefika, nimetua mzigo.
— Tumepokea!
Nani kanywa chai yangu?
— Chatu!