Upepo wa Bwana Kivuva

Bwana Kivuva alipanda kilima cha Wasamburu na mkataba mkononi. Alitaka kusimika mitambo ya upepo na kupeleka umeme wote mjini. Nasieku, mjane aliyekisemea kijiji, aliomba angalau zahanati iwashiwe taa.

"Haiwezekani, mama," alisema Kivuva.

"Basi andika kwamba ardhi ni yetu, na upepo ni mali yako."

"Upepo wote?"

"Wote, hata unaopita nyumbani kwangu."

Kivuva alicheka, akaandika, akapiga muhuri.

Mitambo ilipokwisha kusimikwa, dhoruba iling'oa paa la zahanati. Nasieku akamshtaki Kivuva kwa chifu.

"Mbuzi wangu wakiharibu shamba la mtu, nalipa mimi," alisema kwa upole. "Sasa mali ya bwana huyu imebeba paa letu."

"Chifu, upepo ni wa Mungu," alilalamika Kivuva.

"Kama upepo si wake bwana huyu, mkataba hauna maana," alijibu Nasieku. " Ang'oe mitambo yake aende."

Chifu alikubali. Kivuva akajifuta jasho.

"Mama, umeme mnautaka kwa maboma mangapi?"

"Arobaini na moja," alijibu Nasieku, "na zahanati."