Kwa Nini Watu Hula Wakitazamana Kwenye Jiwe la Nkwimba

Sogeeni kivulini, samaki bado hawajaiva, na nitasema harakaharaka maana huyu mtoto mgongoni akiamka hamtanisikia tena. Mliotoka mbali mnashangaa mbona hapa hakuna ukuta wala mlango, mbona mnakalishwa uso kwa uso na watu msiowajua. Nitawaambia ilivyoanza, kama mama mkwe wangu alivyoniambia.

Kulikuwa na wakati ambapo mji huu wote ulikuwa juu mlimani, na huku chini ziwani hakuna aliyekula. Mawe yalikuwepo haya haya, makubwa, yamebebana kama mnavyoyaona, na upepo wa ziwa ulipita katikati yake kama unavyopita sasa. Lakini yalikuwa mawe ya Mtemi Lufunga, mtawala wa mji. Yeye peke yake ndiye aliyekaa hapa, na alikaa hapa kwa ajili ya kula.

Mtemi hakutakiwa kuonekana akila. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, na ilikuwa kubwa kuliko desturi zote. Akiletewa chakula, mpiga ngoma alipiga, na kila aliyekuwa karibu aligeuka, akampa Mtemi mgongo, akaziba macho kwa viganja. Walinzi waligeuka. Wavuvi kwenye mitumbwi waligeuka. Mpiga ngoma mwenyewe aligeuka, akasubiri, na Mtemi akimaliza alikohoa kidogo, hivi, ngoma ikapigwa tena, watu wakafungua macho na kuendelea na mambo yao.

Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona, watu walisema mengi. Walisema anakula asali ya nyuki wa porini. Walisema anakula maini ya nyati, tena mabichi. Wengine walisema hali kabisa, ananusa tu akashiba.

Desturi hiyo ilikuwa na mkia wake, na mkia wenyewe ni huu. Mahali Mtemi alipoonekana akila, hapakuwa pake tena. Ilibidi ahame, na mahali hapo pakawa pa watu wote. Ila aliyemwona alitakiwa aseme kwa sauti kabla ngoma ya pili haijalia, tena ataje chakula alichokiona. Akinyamaza mpaka ngoma ikalia, basi hakuona kitu. Na akisema uongo, alifukuzwa mjini siku hiyo hiyo, yeye na watoto wake. Nani angethubutu? Hakuna aliyethubutu.

Shida ilikuwa samaki. Wavuvi walishusha hapa hapa kwenye mawe, lakini hakuna samaki aliyepanda mlimani kabla Mtemi hajala na kupumzika, na Mtemi alipenda kupumzika. Samaki walilala juani. Wakifika juu, macho meupe, nyama imelegea, ukiwapika chungu kizima kinanuka. Watu wazima walikula hivyo hivyo. Wanaonyonyesha ndio walioumia.

Nkwimba alikuwa mmoja wao. Msichana tu, mtoto wake wa kwanza, wa kike, na mumewe alikuwa visiwani kuvua. Maziwa yakamkauka. Mtoto akinyonya analia, akiachishwa analia, halafu akaanza kutolia, na hapo ndipo Nkwimba alipoogopa kweli. Wanawake wakamwambia anahitaji mchuzi wa sato mbichi, aliyetoka majini asubuhi, anywe ukiwa wa moto. Wakamwambia hivyo, halafu wakatazama chini, maana wote walijua sato wa namna hiyo yuko wapi.

Asubuhi alimfunga mtoto kifuani, akabeba chungu, kikapu chenye ugali wake wa mtama, na kuni kidogo, akashuka. Msifikiri alikuwa jasiri. Mzee mmoja mvuvi alimwona anakuja, akamtazama mtoto, akachomoa sato mmoja kutoka kwenye tenga lake.

"Chukua," akasema. "Mimi sijakuona. Na wewe hujaniona, kwanza mimi nimeshazeeka, sionekani vizuri."

Nkwimba akatafuta mahali pa kuwasha moto. Upepo ulikuwa mkali, moto haukushika popote ila sehemu moja tu, kwenye ufa kati ya mawe mawili makubwa, hapa hapa nilipo. Akaweka mafiga matatu, akapuliza. Upande wa pili wa ufa ndipo kilipokuwa kigoda cha Mtemi.

Walinzi wakauona moshi. Wakaja wawili mbio, mbele akiwa mkubwa wao, Malando, mtu mwenye sauti kubwa.

"We mama, umepotea?"

"Sijapotea, kaka. Nampikia mwanangu."

"Moshi unamwingia Mtemi puani! Umechoka kuishi?"

"Basi nisaidie kupuliza, ukiwaka vizuri moshi utaisha. Hizi kuni mbichi."

Yule mlinzi wa pili akacheka, Malando akamkazia macho, akaacha. Malando akasema zima moto, panda mlimani. Nkwimba akasema siondoki mpaka mwanangu anyonye. Malando akamwaga maji, moto ukafa nusu. Nkwimba akapiga magoti akaupuliza, majivu yakamrukia machoni, machozi yanatoka, akaupuliza tu, ukashika tena. Malando akainua mguu aukanyage.

Na ngoma ikalia.

Desturi ni desturi. Malando akashusha mguu, akageuka, akaziba macho. Mwenzake akageuka. Wavuvi wakageuka, na kule juu kwenye njia, wanawake waliokuwa wameshuka kidogo kuona yatakayompata Nkwimba, nao wakageuka. Ufuo mzima ukawa migongo mitupu.

Nkwimba naye alianza kugeuka. Lakini mchuzi ulikuwa unapanda chunguni, unatoa povu, na ukifurika utazima moto, na sato ni mmoja. Akabaki hapo anakoroga. Hakutaka kumtazama Mtemi. Alitazama chungu. Ila juu ya chungu kulikuwa na ufa, na ndani ya ufa alikuwa Mtemi Lufunga, amekaa kwenye kigoda chake na bakuli mapajani, anakula dagaa.

Dagaa, jamani. Wale wale wa kila mtu, anawashika kwa vidole vitatu, anatafuna haraka kama mtoto anayeogopa kunyang'anywa. Na pembeni alikuwa na kipande cha sato, akakiingiza mdomoni chote pamoja na miiba yake.

Mwiba ukamkwama. Nkwimba aliona uso ukibadilika. Mtemi akashika koo, akafungua mdomo, hakuna sauti. Akapiga jiwe kwa kiganja. Na watu wote wamempa mgongo, wanasubiri akohoe ndipo ngoma ilie ndipo wageuke, na yeye kukohoa ndiko hawezi. Wangesimama hivyo mpaka afe, na wangesema Mtemi leo anakula kwa nafasi.

Nkwimba angeweza kukaa kimya. Angekunywa mchuzi wake, akanyonyesha, akapanda mlimani. Lakini alikata tonge kubwa la ugali wake, akapenyeza mkono kwenye ufa mpaka begani.

"Meza," akamwambia. "Usitafune. Meza lote."

Mtemi akameza. Macho yakamtoka, jasho likamtoka, tonge likashuka, na mwiba ukashuka nalo. Akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Halafu wakatazamana, yeye na Nkwimba, kupitia ufa.

"Binti," Mtemi akanong'ona, "hujaona kitu."

Nkwimba akauvuta mkono wake kutoka kwenye ufa.

"Nitaamuru uletewe sato mbichi kila asubuhi, mlangoni kwako. Wewe na mwanao. Nyamaza tu nikohoe."

Kila anayenyonyesha anajua ahadi kama ile ina uzito gani. Sato kila asubuhi. Mtoto angenenepa. Na akisema, akakosa kuaminiwa, ni kufukuzwa, yeye na kichanga, uende wapi? Nkwimba akatazama ile migongo kule njiani. Aliwajua hata kwa migongo. Yule amezaa juzi. Yule alizika mwezi uliopita.

"Na wale?" akauliza.

"Wale hawajaniona," Mtemi akasema, akavuta pumzi akohoe.

Nkwimba akapiga kelele. Sauti ilimtoka ya kukwaruza, lakini ilitoka, na mtoto kifuani akaamka.

"Nimemwona! Nimemwona Mtemi anakula! Anakula dagaa! Dagaa kama sisi, na vichwa vyao!"

Mtemi akakohoa, lakini mpiga ngoma mikono ilikuwa imemganda. Hakuna aliyesogea. Halafu yule mlinzi wa pili akaanza kucheka, mabega yanamtikisika.

"Dagaa?" akasema. "Mimi miaka yote hii naziba macho kwa ajili ya dagaa?"

Akageuka. Wanawake kule njiani wakageuka, mmoja, halafu wote. Wavuvi wakageuka. Malando ndiye aliyekuwa wa mwisho. Akafungua kidole kimoja, akachungulia, akaona dagaa kwenye ndevu za Mtemi. Akakaa chini kwenye mchanga kama aliyekatwa miguu.

"Naomba hata mchuzi," akasema.

"Subiri," Nkwimba akamwambia. "Kwanza mwanangu."

Akanywa mchuzi wake ukiwa wa moto, mbele ya Mtemi na walinzi na mji mzima, wala hakumpa mtu mgongo. Wanawake wakashuka na vyungu vyao. Jua lilipofika utosini ufa ule ulikuwa na mioto mitatu, Mtemi Lufunga alikuwa amebebewa kigoda chake akahamia ng'ambo ya mlima, na maziwa ya Nkwimba, mama mkwe wangu anaapa, yalirudi jioni ile ile.

Ndiyo maana jiwe hili ni jeusi mpaka juu, ni moshi wa wanawake tangu wakati huo. Ndiyo maana mgeni akishuka stendi akiuliza pa kula, mjini kuna hoteli za vitambaa mezani, kuna chipsi sokoni, lakini ataelekezwa hapa. Ndiyo maana mwenye kichanga anapewa mchuzi wa kwanza bila kuomba, na ukikaa ukampa mwenzako mgongo utaambiwa geuka, anayekula hapa si Mtemi.

Na sasa mnaona vile vigingi vyekundu kule mchangani. Vimechomekwa wiki hii, wanasema patawekwa uzio na geti, waingie wenye kiingilio tu, na sisi na vyungu vyetu tupande juu. Waliovichomeka wanakuja leo mchana. Mimi naogopa, siwadanganyi, usiku sijalala. Lakini kuni nimeleta za kutosha. Shikeni sahani, na mkae hivi, wote mtazame kule njiani. Wakija watukute tunakula, na tuwatazame usoni mpaka waseme wenyewe, kwa sauti, nani kati yetu aondoke.