Mawe Kwenye Buti

Chepesi hakitulizwi kwa mawe.

Jana mlimsikia bibi yenu Semeni akimwambia baba yenu maneno hayo, nanyi mkanigeukia mkaniuliza yametoka wapi. Hayakutoka kwa wahenga. Yalianza kwenye barabara ya kushuka Mombo, na siku yalipoanza mimi nilikuwepo, nimesimama ndani ya mfereji, viatu vimejaa tope. Aliyestahili kuwasimulia ni babu yenu Zahoro, kaka yangu. Kwa kuwa hayupo, nitayasema mimi, na nitayaandika pia, yasije yakamfuata.

Zahoro aliendesha malori miaka thelathini na mmoja. Alipakia Tanga, akashusha Kigoma, au Tunduma, au popote alipotumwa. Wiki tatu barabarani, siku nne nyumbani. Madereva wa malori walikuwa na msemo wao: "Tupu huruka." Lori lisilo na mzigo hurukaruka kwenye mashimo, huteleza mvua ikinyesha, na ukishika breki halikusikii. Lipakie mzigo, litakaa chini na kutii. Hilo ni kweli kwa malori. Lakini wale wanaume, wakiwa wamekaa wanakula ugali kwenye vituo vyao, waliuchukua msemo ule wakaupeleka majumbani. Wakasema hata nyumba tupu huruka. Mke wa dereva umpe kazi, atulie.

Semeni alipoolewa kwetu alikuwa na miguu myepesi. Kabla salamu haijaisha alikuwa ameshacheka mara mbili. Harusi yoyote kuanzia Soni hadi Lushoto, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na alikuwa na dada yake Korogwe ambaye hawakuweza kukaa mwezi bila kuonana. Zahoro alimpendea wepesi huo. Wepesi huohuo ndio uliomnyima usingizi akiwa Tabora au Nzega, amelala kwenye kabini ya lori.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza alimletea ng'ombe wa maziwa. Mwaka wa pili akaongeza mwingine. Kisha akamhamishia mama yetu, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumsumbua. Kisha wapwa wawili. Kisha shamba la kabichi kule bondeni. Kila alipofika nyumbani alisema kwa furaha, "Mama Hoza, nimekuletea kitu." Sisi tulisema Zahoro anamwamini sana mkewe. Semeni alivibeba vyote, na mama yetu alimtunza mpaka siku tuliyomzika. Nyimbo zilikoma. Hakuna aliyeandika tarehe.

Zahoro alipostaafu, jambo la kwanza alilofanya ni kununua gari. Alikuwa na neno moja la siku nyingi. Zamani, akiwa na mzigo wa saruji, lilimpita gari dogo la watu wawili, paa limekunjwa, mwanamume na mwanamke ndani wanacheka. Lilipita kama mbayuwayu. Tangu siku hiyo alikuwa akiniambia, "Mdogo wangu, nikistaafu nitanunua kama lile, nimpandishe Mama Hoza." Matajiri wake walikataza abiria, kwa hiyo miaka yote ile mkewe hakuwahi kukaa ubavuni mwake hata kwa kilometa moja.

Gari lilikuja kutoka Japani likiwa limeshatumika, rangi ya kijani iliyoiva. Lilikuwa na viti viwili tu na paa la turubai la kukunja. Injini ilikaa mbele, na nyuma kulikuwa na buti la kutosha begi moja. Lilikuwa jepesi kiasi kwamba vijana wanne waliinua upande mmoja walipotaka kuona chini yake. Majirani walikuja kulitazama.

"Zahoro, hili gari au kiatu?" aliuliza Bi Mwantumu, jirani yetu wa chini.

"Gari, dada."

"Mimi naona kiatu. Na kiatu hakinunuliwi kimoja. Mwenzake umemwacha wapi?"

Watu wakacheka. Mwingine akauliza mgonjwa atalazwa wapi, na mwingine akataka kujua magunia ya kabichi yatakaa kwenye mapaja ya nani. Zahoro alicheka nao, lakini nilimwona akiupitisha mkono juu ya ule mlango, taratibu, kama mtu anayemfariji mtoto aliyetaniwa.

Shida ilianza alipoliendesha. Mtu aliyezoea kupanda ngazi kuingia garini, sasa alikuwa anashuka kama anayekaa kwenye mkeka. Tairi za malori zilimpita usawa wa macho. Usukani ulikuwa mdogo kama sahani, na ukiugusa tu, gari limeshageuka. Alirudi siku ya kwanza shati limelowa.

"Halinipingi," aliniambia.

"Halikupingi vipi?"

"Lori hubishana na wewe. Ukikata kona unalisikia linakataa, unalibembeleza, mnaelewana. Hili ukifikiria tu, limeshafanya. Halijakaa chini. Litaruka hili."

Wakati huo Semeni alikuwa hajapanda. Kila jioni Zahoro alimwambia, "Twende japo mpaka Soni," naye akajibu ng'ombe hawajakamuliwa, au kabichi hazijanyeshewa. Mwishowe, mbele yangu, alimkazia macho.

"Baba Hoza, nitapanda. Utanipeleka Korogwe kwa dada yangu, mwaka wa sita huu sijamwona. Lakini nitapanda mara moja. Nikishuka nimeogopa, sitapanda tena, na usiniulize kwa nini."

Nilifahamu, na Zahoro alifahamu pia, kwamba hapo hapakuwa na suala la gari peke yake. Walikuwa wameoana miaka thelathini na mmoja na walikuwa wageni. Mtu aliyezoea siku nne nne, sasa alikuwa nyumbani kila siku, na mkewe hakuwa na la kumwambia. Mtoto wao Hoza alikuwa ameshamwita mama yake akaishi naye Tanga. Semeni alikuwa hajasema ndiyo wala hapana.

Alhamisi hiyo waliondoka asubuhi, ukungu haujapanda. Semeni alivaa kanga mpya. Hawakuwa wamemaliza nusu saa, simu yangu ikalia, Zahoro ananiita. Nilimpitia fundi Kaniki gereji kwake, akanipakia kwenye pikipiki yake.

Tuliwakuta chini ya Soni, kwenye kona kali. Gari lilikuwa limegeuka kabisa, linatazama lilikotoka, na magurudumu ya nyuma yako mferejini. Zahoro alikuwa amesimama ameshika kichwa. Semeni alikuwa amekaa juu ya jiwe la kilometa, anakanda goti.

"Umeumia, shemeji?" nilimuuliza.

"Goti tu. Nitarudi kwa miguu."

Fundi Kaniki aliingia mferejini kutafuta pa kulishikia gari. Akalinyanyua kidogo, akaliachia. Akamtazama Zahoro.

"Mzee, gari hili wiki iliyopita nililisukuma kwa mkono mmoja. Leo limekula nini?"

Kaniki akafungua buti.

Yalikuwa mawe. Mawe ya mtoni, ya mviringo, yamepangwa vizuri ndani ya viroba vinne vidogo na kufungwa kamba ili yasigongane. Kila kiroba, mtu mmoja angekinyanyua kwa shida.

"Ya nini haya?" Kaniki aliuliza.

"Ya kulituliza," alisema Zahoro kwa sauti ya chini. "Lilikuwa jepesi mno. Sikutaka liruke na mama huyu ndani. Tupu huruka."

"Hilo ni lori, mzee! Hili waliolitengeneza wamekesha wakikuna vichwa wapunguze ratili moja hapa, ratili moja pale, ili lishike barabara kwa wepesi wake. Wewe umelifunga mkia wa kondoo! Ulipokata kona ukashika breki, mbele likageuka kama ulivyoliambia. Nyuma, mawe yako yakaendelea na safari yao. Yangekuwa yamekaa nyumbani, saa hizi mnakunywa chai Mombo."

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilimsikia Semeni akicheka. Hakikuwa kicheko kirefu. Aliinuka, akachechemea mpaka kwenye buti, akaviangalia vile viroba kimoja kimoja. Kisha akaweka mkono juu ya cha kwanza.

"Huyu ni ng'ombe," alisema.

Zahoro alimtazama.

"Na huyu ni ng'ombe wa pili. Hili ni shamba la kabichi. Hawa ni wapwa zako. Mama simhesabu, mama nilimpenda." Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma orodha iliyoandikwa na mwingine. "Nilikuwa najiuliza siku zote, mtu huyu anayenipenda, mbona kila akirudi ananiongezea? Kumbe ulikuwa unanituliza."

"Niliogopa, Semeni." Alimwita kwa jina lake. Sikuwahi kumsikia akifanya hivyo mbele za watu. "Nilikuwa mbali. Nilisema utaruka."

"Na niliruka?"

"Hapana."

"Unadhani ni kwa sababu ya ng'ombe?"

Kaka yangu aliinama, akashika kamba ya kiroba cha kwanza.

"Chepesi hakitulizwi kwa mawe, Baba Hoza," alisema Semeni. Akajifunga kanga yake kiunoni, akaanza kupanda kilima kwa miguu.

Tulivishusha viroba vile, sisi watatu, tukavimwaga pale pale mferejini. Gari tulilitoa kwa mikono.

Asubuhi iliyofuata Zahoro aliamka kabla ya mkewe, akakamua. Alikamua vibaya, maziwa nusu yaliishia kwenye suruali, lakini alikamua. Kabla wiki haijaisha ng'ombe mmoja alikuwa zizini kwangu na mwingine kwa mpwa wetu, ambaye tayari alikuwa mtu mzima mwenye mke. Shamba la kabichi alimwachia Bi Mwantumu alilime. Kisha akasimama mlangoni kwa Semeni kama mgeni, akasema, "Gari halina kitu ndani. Ukitaka kwenda Korogwe, nitakupeleka. Usipotaka, neno lako nimelishika, sitauliza."

Siku mbili Semeni aliendelea na kazi zake. Siku ya tatu akatoka na begi moja.

Safari hiyo Zahoro alinisimulia mwenyewe. Alisema aliushika usukani kwa vidole, kama anavyoshikwa kifaranga. Alipunguza mwendo kabla ya kona, akaliacha gari lenyewe lipite. Walipofika Mombo, Semeni akamwambia akunje paa. Baada ya Mombo upepo ukamvua mtandio, ukaruka nyuma yao. Zahoro akataka kusimama aufuate.

"Uache uende," alisema Semeni.

Alimfikisha kwa dada yake, akanywa chai, akarudi peke yake. Hapo ndipo nilipomwona kaka yangu akiwa na hofu ya kweli. Wiki ikapita. Ya pili ikapita. Kila asubuhi alilifuta gari vumbi, pamoja na kile kiti kisicho na mtu. Hoza akapiga simu kutoka Tanga kwamba mama akitoka Korogwe anaweza kuunganisha moja kwa moja mpaka kwake, chumba kiko tayari.

Mimi sikuvumilia. Nilimwambia, "Kaka, mpigie. Mwambie unaumwa. Mwambie hata mimi naumwa. Atarudi kesho."

Alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia kioo. Aliacha kufuta.

"Hilo nalo ni jiwe, mdogo wangu," alisema.

Hakupiga. Alijipikia ugali usioiva, akala. Alilala mapema, akaamka mapema. Kama alilia sikumwona, na sikumuuliza.

Siku ya ishirini na tatu nilikuwa nimekaa naye barazani, tunapukuchua mahindi. Simu yake ikalia. Sauti ya Semeni ilikuwa kubwa, nyuma yake kuna wanawake wanaimba, ilikuwa harusi ya mtoto wa dada yake, naye alikuwa amekauka koo kwa kuongoza nyimbo.

"Baba Hoza!"

"Naam."

"Kile kiti bado unacho, au umeshampa mtu?"

"Kiko wazi."

"Basi njoo. Usikimbie, barabara ina ukungu."

Kaka yangu aliyaacha mahindi yakamwagika yote, akaenda kutafuta ufunguo ambao ulikuwa mfukoni mwake.

Walisafiri sana baada ya hapo. Mara nyingine Semeni alikaa kwa dada yake mwezi, mara nyingine siku mbili. Zahoro hakuwahi kumuuliza atarudi lini, na hakuna mara ambayo hakurudi. Huyo ndiye bibi yenu mnayemwona. Anaimba akiwa jikoni, na tangu tumzike babu yenu mwezi wa tatu, anaimba kwa sauti ya chini zaidi, lakini anaimba.

Sasa mnajua alichomwambia baba yenu jana. Dada yenu amepata nafasi ya kusomea uuguzi Mwanza, na baba yenu alikuwa akimtafutia la kumfunga: kwanza aolewe, kwanza amlee mdogo wake, kwanza asimamie duka mwaka mmoja. Anampenda, ndiyo maana anaogopa. Bibi yenu hakumgombeza. Alimkumbusha tu maneno aliyoyasema mwenyewe pale mferejini, akiwa na goti linalouma, na ambayo mume wake alivumilia siku ishirini na tatu kuyatimiza.

Chepesi hakitulizwi kwa mawe.