Wimbo wa Thelathini na Saba

Ndugu zangu, leo nina habari ya kompyuta. Wazee msisinzie, nitakwenda polepole. Hata mimi nilielezwa mara tatu ndipo nikaelewa.

Dada mmoja, tumwite Tusekile, alikuwa mtaalamu wa kompyuta katika kanisa kama hili letu. Kwaya yao ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na nyimbo zake za zamani zilikuwa kwenye kaseti, zinakwaruza hadi maneno hayasikiki. Tusekile akaziingiza zote kwenye kompyuta, nyimbo mia sita na arobaini, akaandika programu ya kuzisafisha mmoja baada ya mwingine. Sherehe ilikuwa Jumapili. Aliyeisubiri kuliko wote ni mjane mmoja mzee, kwa sababu katika wimbo wa thelathini na saba marehemu mumewe aliimba besi peke yake, na hakuwa na kumbukumbu nyingine ya sauti yake.

Sasa sikilizeni vizuri. Programu ile ilifanya kazi chinichini huku Tusekile akiendelea kuandika ratiba ya sherehe. Chini ya ukurasa wake palikuwa na kidirisha. Kila wimbo ukimalizika, mstari mpya unatokea humo: wimbo wa kwanza, tayari, wa pili, tayari. Mistari inapanda yenyewe, yeye anaona wa mwisho tu. Raha tupu, mpaka Alhamisi jioni ukatokea mstari mwekundu: wimbo wa thelathini na saba, umeshindikana.

Moyo ukamlipuka. Akaubofya mstari ule ausome vizuri. Na kidirisha kile kina tabia yake: ukibofya mstari wowote, kinadhani bado unausoma, kinaacha kupanda, kinakuacha hapohapo. Tusekile alilijua hilo, ila hofu ilimsahaulisha. Hadi Jumamosi asubuhi akawa anautazama mstari mwekundu, hakuna kipya. Akaona kazi imekufa, akapeleka kidole kwenye kitufe cha kuizima aanze upya, ingawa alijua akianza upya haitaisha kabla ya sherehe.

Hapo akaingia yule mjane na chupa ya chai. Tusekile akamwamkia, akamweleza huku machozi yanamtoka kwamba mashine imekufa na wimbo wa mumewe ndio basi tena. Mama yule hakujua hata kompyuta inawashiwa wapi. Akaweka tu kiganja juu yake.

"Mwanangu, mbona ina moto?"

"Iko hivyo tangu juzi, mama."

"Jiko lililozimika halina moto. Hayo maandishi yameishia hapo, au yapo mengine chini yake?"

Tusekile akashika kipanya. Akateremka ndani ya kidirisha, mstari kwa mstari, hadi chini.

Niwaulize, mnadhani alikuta nini? Wimbo wa mia mbili, tayari. Wa mia tano, tayari. Wa mia sita na arobaini, tayari. Na chini kabisa, mstari wa mwisho: wimbo wa thelathini na saba, umerudiwa, tayari. Maana mwenyewe, siku ya kwanza, aliandika ndani ya programu ile kwamba wimbo utakaoshindikana urudiwe mwisho.

Wakaufungulia. Besi ikaingia kabla ya wakati wake. Mama yule akacheka kwanza, halafu akalia, halafu akacheka tena. "Ndiye huyo," akasema. "Hakuwahi kumsubiri mwalimu wa kwaya hata siku moja."

Sasa tuje kwetu. Sisi tumebofya mstari gani? Kuna aliyebofya siku aliyofiwa. Kuna aliyebofya siku aliyoachishwa kazi, na hapo kwenye benchi la nyuma kuna mtu amebofya neno la shemeji yake tangu mwaka juzi, naye ananielewa. Tunautazama mstari mmoja mwekundu, tunasema Mungu amenyamaza. Nani katuambia? Tumesimama sisi. Yeye alikwisha kuahidi mapema kwamba lililoshindikana atalirudia, na sisi tuliisoma ahadi hiyo, tukaisahau.

Nafurahi kuwaambia hili, nafurahi kweli, kwa sababu najua humu ndani yupo mtu ambaye kidole chake kiko kwenye kitufe. Ndugu yangu, usizime. Weka kiganja kifuani mwako, sasa hivi, usimwonee haya jirani. Pana joto?

Basi teremka ukaangalie.