Hakimu Aliyeamuru Mshale Utulie

Palikuwa na hakimu mmoja katika mji wa milimani, jina lake Ambilikile, aliyeamini kila kitu duniani kitatii akikiamuru. Vyeti vyake vilijaza ukuta. Vyangu vimejaza bahasha ya kaki inayozunguka maofisini, lakini tuyaache hayo, nisije nikatapika nyongo mapema.

Bwana mkubwa huyu alikuwa na pikipiki kubwa ya kifahari, yenye geji ya presha ya oili. Basi mshale wa geji ukaanza vituko. Tambarare, umepanda vizuri. Akishika mlima, puu, umeanguka. Akifika juu, umerudi. Hakimu akawaka, as if mshale umemtukana mbele ya mashahidi.

Akamkumbuka Tumpe, fundi wa kike mwenye kibanda pale sokoni, aliyembadilishia oili miezi mitatu nyuma. Hakumpigia simu. Alituma mgambo wakabeba sanduku lake la spana, wakalifungia mahakamani. Eti exhibit! Na fundi bila spana atakula nini? Lami?

Tumpe akalifuata sanduku lake. Watu nao wakajaa uani. Hakimu alikuwa barazani, glasi ya chai mkononi, karani wake pembeni na daftari.

"Wewe binti, umeniharibia injini. Nataka mshale utulie. Usipande, usishuke. Ukishindwa, spana zako zinaenda mnadani."

"Shikamoo kwanza, Mheshimiwa."

"Marahaba! Mshale!"

"Oili ilipimwa lini?"

"Unanihoji mimi? Napima mwenyewe kila Jumapili. Kidirisha cha oili kimejaa. Full! That is a finding of fact."

"Na kosa likiwa si langu?"

"Chukua spana zako uende. Karani, andika!" Akacheka. Wakubwa hucheka hivyo, kabla hawajajua wanachekea nini.

Karani akaandika.

"Basi tuonyeshe unavyopima, Mheshimiwa."

Hakimu akateremka ngazi kwa madaha, glasi yake mkononi, mpaka kwenye pikipiki. Ilikuwa imeegemea stendi ya pembeni, imelalia ubavu wa kushoto. Kidirisha cha oili, kile kioo kidogo cha kuonea oili ndani ya injini, nacho kiko ubavu huo huo wa kushoto.

"Karani, njoo uangalie!"

"Imejaa, Mheshimiwa."

"Umesikia, binti? Case closed."

"Naomba hiyo glasi." Chai ilikuwa nusu. Tumpe akaiinamisha glasi mpaka chai ikagusa ukingo wa upande mmoja. "Imejaa?"

"Acha upuuzi. Hiyo ni nusu, umeiinamisha tu!"

"Asante. Karani, andika na hiyo."

Mguno ukapita uani. Tumpe akawaita wanaume wawili, wakaisimamisha pikipiki wima. Oili ikateremka, ikatoweka. Kidirisha kikabaki kitupu kama ahadi za ajira.

"Injini ilikuwa inakula oili kidogo kidogo," Tumpe akasema, "na wewe hukuongeza, kwa sababu unaipima imelala. Kwenye tambarare, hiyo iliyobaki inajitahidi. Ukipanda mlima inakimbilia nyuma, pampu inavuta hewa, mshale unaanguka. Ongeza oili leo, kabla injini haijanoki ikafa kabisa."

"Order! Order!" Hakimu akapaza sauti, maana watu walikuwa wanashikana mbavu. Karani naye, sijui alilogwa na nani, akasimama akasoma kwa sauti kile alichoandika: kosa likiwa si la fundi, achukue spana zake aende.

Hakimu akasonya. Akautupa chini ufunguo wa chumba lilimofungiwa sanduku.

Lakini mkubwa akishindwa hanyamazi, never. "Miezi mitatu napima hivi hivi," akafoka. "Mbona injini haijalalamika?"

Tumpe akaokota ufunguo, akalitoa sanduku lake, akajitwika kichwani.

"Imelalamika kila mlima, Mheshimiwa. Wewe ndiye uliyeamuru shahidi afunge mdomo."