Kwa Nini Wagamba Husimamisha Magamba Matupu Vitani

Wanaocheza ule mchezo wa vita unaochezwa mezani kwa sanamu ndogo na dadu wanawajua Wagamba kuwa ndio wakubwa kuliko majeshi yote ya sayari za mbali. Sanamu moja ya Mgamba huficha kikosi kizima cha adui, na mchezaji aliyepangiwa kupambana nao huvuta pumzi kwanza kabla ya kushika dadu. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kabla hawajawa jeshi, kabla hawajajua hata kusimama wawili pamoja, Wagamba walikuwa viumbe wadogo, na mkubwa wao hakuzidi sufuria la pilau la shughuli.

Enzi hizo waliishi katika bonde moja la sayari ya Hadomi, bonde la tope linalochemka. Kila familia ilikuwa na shimo lake, na chini ya shimo palikuwa na tope la moto. Joto hilo ndilo lililolea watoto. Mtoto wa Mgamba akikosa joto magando yake hayakazi, na asiyekaza magando hawezi kuchimba wala kujilisha. Lakini mashimo yenye joto yalikuwa machache na familia zilikuwa nyingi, kwa hiyo jirani hakuwa mtu wa kumwomba chumvi. Jirani alikuwa mtu wa kumchunga.

Taabu yao kubwa ilikuwa gamba lenyewe. Gamba ni gumu, linazuia jiwe na linazuia meno, ila halikui. Mwili unakua ndani yake mpaka unajaa, viungo vinaanza kulia, pumzi inakuwa fupi. Hapo Mgamba sharti ajivue, la sivyo gamba linamnyonga. Na akishajivua anabaki laini kama ini, hawezi kusimama sawasawa, hata upepo wa mchanga unamchubua. Sheria ya bonde ilikuwa moja na wote waliijua: atakayekutwa laini, shimo lake ni la aliyemkuta. Hakuna aliyeiona kuwa ubaya. Ndivyo walivyoishi.

Kwa hiyo Mgamba alijivua kwa kujificha, peke yake, na kwa haraka. Gamba la zamani alilitafuna palepale akiwa bado anatetemeka, kwa ajili ya chokaa yake, ili jipya ligande kabla mtu hajapita. Liliganda kweli, lakini liliganda kabla mwili haujapata nafasi ya kujinyoosha. Wakawa wanajivua maisha yao yote na kubaki na udogo uleule.

Angani walitawala Wavumo, wenye mbawa nyembamba na mdomo mrefu kama sindano ya kushonea magunia. Ulisikia mvumo wao kabla hujawaona. Walichotafuta ni Mgamba laini, au Mgamba mgumu aliyesimama peke yake, maana mmoja hupinduliwa chali, na tumboni gamba ni jembamba. Wawili waliopeana migongo hawapinduliki. Jambo hilo Wavumo walilijua vizuri kuliko Wagamba wenyewe, kwa sababu tangu bonde liwe bonde hakuna Mgamba aliyewahi kumpa mwenzake mgongo.

Sasa, katika bonde hilo alikuwako mama mmoja jina lake Nakoru, mwenye watoto watatu. Mkubwa aliitwa Keju, na wadogo walikuwa pacha ambao magando yao yalikuwa bado mororo. Nakoru alipaswa kujivua zamani. Aliahirisha kwa sababu pacha waliumwa, kisha kwa sababu shimo lilihitaji kuchimbwa upya, kisha kwa sababu nyingine ya aina hiyohiyo. Mwenye watoto huuahirisha mwili wake mpaka mwili umkatalie. Asubuhi moja aliinama kuokota chakula akashindwa kuinuka. Gamba lilikuwa limembana kifuani, na ilibidi Keju amsukume kwa nyuma mpaka akasimama.

Akafikiri kama anavyofikiri mtu aliyechoka, yaani moja kwa moja. Akienda kujificha mbali, watoto watabaki peke yao na hawataishi. Akijivua nyumbani, jirani atamkuta, na shimo litakwenda, na watoto watakufa kwa baridi. Asipojivua, atakufa yeye, na watoto watamfuata. Njia zote zilipita kwa jirani. Akatoka akaenda kwa jirani.

Jirani huyo aliitwa Tegwa, mjane mzee mwenye goti bovu. Shimo alilokaa alilipata kwa kumkuta mwenye shimo akiwa laini, na hakuwahi kuficha habari hiyo. Sasa tope lake lilikuwa linapoa, na bonde zima lilijua kwamba macho yake yako kwa Nakoru.

"Shikamoo, bibi Tegwa."

"Marahaba. Umekuja kuomba nini?"

"Nataka kujivua."

Tegwa aliacha kuchimba. Maneno kama hayo hayakusemwa mbele za watu. "Na umekuja kuniambia mimi?"

"Nimwambie nani? Wewe ndiye ungekuja kunitoa."

"Hilo ni kweli," alisema Tegwa.

"Basi nimekupunguzia kazi ya kuvizia. Nisimamie mlangoni mpaka niwe mgumu. Zamu yako ikifika, nami nitakusimamia. Haiko mbali. Goti lako linalia, nalisikia nikiwa kwangu."

"Una masikio marefu, mama Keju."

"Nina jirani mbaya."

Tegwa akacheka kidogo kwa pua. "Na nikikutoa, nikachukua shimo?"

"Utalipata na watoto watatu ndani yake. Keju wangu akimaliza chakula cha asubuhi, anauliza chakula cha asubuhi kiko wapi."

"Sijaahidi kitu," alisema Tegwa. Lakini alijifuta tope, akamfuata.

Nakoru aliingia shimoni, akawasogeza watoto ukutani, akajivua. Haikuwa kazi nyepesi. Gamba lililocheleweshwa hushika kila mahali, na alipotoka ndani yake alibaki amelala chini, hana nguvu hata ya kufumba jicho. Gamba tupu lilikuwa pembeni yake, zima, na magando yake yote. Alinyoosha mdomo ili aanze kulila.

Ndipo mvumo ukasikika.

Ukungu wa bonde ulikuwa umeinuka na majua yote mawili ya Hadomi yalikuwa wazi. Wavumo walikuja kundi zima, wakaanza kuzunguka juu ya mlango ambapo Mgamba mmoja mzee alisimama peke yake. Mtu angetazamia Tegwa akimbie. Shimo lake halikuwa mbali, na hakuwa ameahidi kitu. Alibaki pale, akakunja lile goti bovu, akainua magando.

"Mama Keju," alisema bila kugeuka, "wako wengi. Mimi mmoja watanipindua, halafu watashuka huko ndani."

Nakoru alilitazama gamba lililokuwa mbele ya mdomo wake. Asipolila, hatakuwa na chokaa, na asipokuwa na chokaa atabaki laini kwa muda ambao hakuna Mgamba aliyewahi kubaki laini akaishi.

"Lichukue gamba langu," alisema. "Lisimamishe nyuma yako."

"Na wewe utakula nini?"

"Nitaona baadaye. Lisimamishe."

Keju alilisukuma kutoka ndani, Tegwa akalivuta kwa mguu wa nyuma, likasimama mlangoni mgongo kwa mgongo na yule mzee. Kwa mbali lilionekana kuwa Mgamba mzima, isipokuwa lilitulia mno. Wavumo si wajinga. Waliliangalia wakaanza kushuka. Nakoru akajikokota juu ya mchanga uliomchubua tumbo, akauingiza mkono wake laini ndani ya mkono mgumu wa gamba, akaliinua gando. Akalishusha. Akaliinua tena. Keju alijibana chini akashika miguu ya gamba ili lisianguke.

Mvumo mmoja alishuka kumjaribu Tegwa, akavunjwa bawa. Mwingine alilijia gamba. Alilichoma kifuani, katikati kabisa, mdomo ukatokea upande wa pili karibu na uso wa Nakoru, ukatoka. Gamba halikuanguka. Damu haikuonekana. Gando likaendelea kuinuka na kushuka polepole, kama la mtu anayemwita mgeni aingie ndani.

Wavumo walikuwa wamewaona Wagamba wengi wakifa, na walijua wanavyokufa. Aliyetobolewa kifua akaendelea kuwaita hawakuwahi kumwona. Wakapanda juu, wakazunguka wakipigiana kelele, na hatimaye wakaondoka na majeruhi wao.

Tegwa akageuka, na hapo alimwona Nakoru akiwa laini, amelala chini ya gamba lake mwenyewe, mkono bado uko ndani. Katika bonde lile, kumwona mwenzako hivyo kulikuwa na maana moja tu. Shimo lilikuwa wazi na tope lake lilikuwa linachemka vizuri. Pacha walikuwa wanalia. Tegwa alimtazama, akawatazama watoto, akalitazama tope.

"Rudi ndani," alisema. "Upepo utakuchubua ubaki mifupa."

"Hatuna mifupa, bibi."

"Basi utabaki hivyo hivyo. Rudi ndani. Na wewe Keju, achia hiyo miguu, vita vimekwisha."

Gamba halikuliwa. Tegwa alikataa liondolewe mlangoni, kwa sababu Wavumo walirudi kuchungulia mara kwa mara, na kila walipoliona na tundu lake kifuani waligeuza. Nakoru akaishi kwa kulamba mawe ya chokaa ambayo Keju aliyaviringisha kutoka ukingo wa bonde. Chokaa ya mawe huingia mwilini taratibu sana, na zamani hakuna aliyethubutu kuitegemea. Siku zikapita, mwezi ukaandama na kuisha, naye bado laini. Tegwa alisimama mlangoni akilalamika kuhusu goti, kuhusu jua, kuhusu kelele za pacha, na hakuondoka.

Na kwa kuwa hakuna kitu kilichoubana, mwili wa Nakoru ulifanya kile ambacho mwili wa Mgamba ulikuwa unakitaka miaka yote. Ulijinyoosha. Gamba jipya lilipokuja kuganda, liliganda juu ya kiumbe ambaye hakuwahi kuonekana Hadomi. Alijaribu kutoka nje akakwama mlangoni, akasukuma, mlango ukaanguka wote.

Tegwa aliinua macho, akaendelea kuinua. "Umeona hasara zako," alisema. "Nani atajenga hapo?"

"Nitajenga mimi. Lete hilo goti, zamu yako imefika."

Tegwa akajivua mchana, katika shimo lile lile lenye joto, na Nakoru akajaa mlangoni kama jabali. Gamba la mzee nalo halikuliwa, lilisimamishwa kando ya lile lenye tundu. Majirani walikuja kucheka. Walisema wale wawili wamekosa adabu, wanajivua hadharani kama watoto. Kisha Tegwa alitoka, amenyooka, mkubwa, goti halilii, na vicheko vikakatika. Jioni ile ile jirani wa upande wa pili alikuja kumuuliza Nakoru, kwa aibu na kwa sauti ya chini, kama anajua mtu anayeweza kumsimamia mlangoni.

Watoto wao walikua kuwazidi, na wajukuu wakawazidi hao. Walipokuwa wakubwa kiasi cha kutohitaji kuwaogopa Wavumo, waliwafukuza bondeni, kisha wakatoka Hadomi wakaenda sayari nyingine, na popote walipokwenda walibeba magamba yao ya zamani badala ya kuyala.

Na tangu siku hiyo Wagamba huingia vitani wawili wawili, mgongo kwa mgongo, na mstari wao wa mbele huwa na magamba matupu yaliyosimamishwa, ambayo adui hawezi kuyajua mpaka ayapige. Tangu siku hiyo pia hakuna Mgamba anayejivua peke yake. Aliye laini hulazwa katikati, na walio wagumu humzunguka wakatazama nje mpaka agande, hata kama asubuhi hiyo walikuwa hawasalimiani.