Kombo Nyati na Swali la Bi Pongo

Paukwa!

Pakawa.

Sogeeni, moto umeshika. Mwenye usingizi amwegemee mwenzake, ila asikorome kabla sijamaliza.

Hapo kale, watu na wanyama walipokaa mji mmoja na kuchota maji kisima kimoja, palikuwa na mji ukiitwa Mwambani. Mlinzi wake alikuwa Faru, mwenye nguvu, nguvu, nguvu kwelikweli. Siku moja muuza maziwa alimjibu vibaya, Faru akamkanyaga mguu ukavunjika. Faru akafukuzwa, akaenda zake porini.

Jumbe Makame, mkuu wa mji, akasema, "Pembe tulizitazama. Moyo hatukuutazama."

Akamwita Bi Pongo. Huyu alikuwa mnyama wa msituni mfano wa swala, mpole, ana madoa meupe mgongoni, na mtu mwenye uzito moyoni alikwenda kukaa kwake akaondoka mwepesi. Jumbe akamwambia, "Kuanzia leo hapewi mtu rungu la ulinzi wa mji mpaka akae nawe kwanza."

Wakaja watatu.

Wa kwanza Fisi. Bi Pongo akamkaribisha mkekani. "Baba, rungu unalitakia nini?"

"Kuna watu hapa mjini hunicheka nikipita. Nikishika rungu wataniamkia."

"Na wasipokuamkia?"

Fisi akatabasamu tu. Bi Pongo akampa maji ya kunywa, akamwambia, "Nenda salama, baba. Kazi hii si yako."

Wa pili Nyegere. "Mwanangu, mtu akikutukana utafanyaje?"

"Nani atanitukana?"

"Nasema mathalani."

"Huyo Mathalani anakaa wapi?"

Nyegere akaruka kutoka mkekani, akauzunguka mji wote akimtafuta Mathalani. Hata leo hajampata.

Wa tatu alikuwa Kombo, Nyati kijana. Mji mzima ulimpenda, kwani aliwabebea vikongwe kuni bila kuombwa. Na Bi Pongo alimpenda kuliko wote, maana ndiye aliyemlea. Alimwokota angali ndama, amejificha kwenye matete, siku wawindaji walipomfukuza mama yake kwa mbwa na mabaragumu wakamuua. Siku ile hawakuwahi kuizungumza, si mama wala mwana.

"Kombo, unaogopa nini?"

"Siogopi kitu, mama."

Bi Pongo akangoja. "Mwanangu, unaogopa nini?"

"Siogopi kitu."

Akangoja tena. "Unaogopa nini?"

Kombo akatazama chini. "Siogopi kitu, mama. Mbona waniuliza hivyo?"

Lo, jinsi Bi Pongo alivyotamani kusema ndiyo. Lakini alikwenda kwa Jumbe na neno moja: "Bado."

Watu wakanung'unika. Kombo jioni ile hakula. Akasema, "Mama, Fisi umemkataa, Nyegere umemkataa, na mimi mwanao pia?"

"Sijakukataa. Nimesema bado."

Basi siku hizo palikuwa na chui akichukua mbuzi zizini, leo huyu, kesho yule. Watu wakamlilia Jumbe, Jumbe akashindwa kuvumilia, akampa Kombo rungu. Kombo akalinda vizuri, chui akahama. Watu wakamwambia Bi Pongo, "Umeona?"

Ikafika harusi ya binti Jumbe. Uwanja ulijaa watu. Mzee Vuai, mpiga baragumu, akasimama katikati, akavuta pumzi, akapuliza.

Kombo akalisikia. Macho yakamwiva, masikio yakaziba. Hakuiona harusi tena, aliwaona wawindaji. Akainamisha pembe akaja mbio, vumbi, vumbi, vumbi. Watu wakatawanyika. Bibi harusi nguo zikamtatiza, akaanguka pale pale njiani.

Bi Pongo hakukimbia. Alikwenda akasimama mbele ya bibi harusi, juu ya miguu yake ile myembamba. Wala hakupaza sauti. Alisema kama anayembembeleza mtoto, "Kombo, wameshaondoka. Mwanangu, wameshaondoka. Wameshaondoka."

Kombo akasimama. Alikuwa karibu hata pumzi zake zilipeperusha manyoya ya kifua cha mama yake. Akatazama, akamwona binti wa watu chini.

Akalitua rungu miguuni pa Jumbe. Jumbe akasema, "Kosa ni langu. Niliambiwa bado."

Walipofika nyumbani Kombo alikaa mkekani. Kisha akasema, "Mama, naogopa baragumu. Likilia, namsikia yule mama yangu akiniambia nijifiche."

"Najua, baba."

"Ulijua, na hukuniambia?"

"Nilidhani nikikutajia nitakuumiza. Kumbe nilikuacha nalo peke yako. Nisamehe."

Wakalia, pongo na nyati, mpaka uji ukaungua jikoni.

Kesho yake akaja Mzee Vuai, uso umemshuka. "Baragumu langu nitalitupa mtoni."

"Usilitupe," Bi Pongo akamwambia. "Tunalihitaji."

Kila asubuhi Vuai akawa anavuka mto, anapuliza kwa mbali, polepole. Kombo alikimbilia ndani, na kesho akatoka tena. Vuai akasogea karibu, tena karibu, tena karibu. Masika yakapita, kipupwe kikapita, mwaka ukageuka, watu wa mji wakilinda kwa zamu. Zilikuwapo siku Kombo aliweza, na siku alishindwa kabisa, akalala mchana kutwa. Mama yake akamwachia chakula mlangoni.

Mpaka asubuhi moja Vuai akapuliza uani, hatua chache tu kutoka mkekani. Kombo jasho lilimtoka, kwato zikachimba udongo. Hakukimbia.

"Mama," akasema, "moyo unanienda mbio. Lakini najua niko wapi."

Bi Pongo akaenda kwa Jumbe. "Sasa," akasema.

"Woga umemtoka?"

"Anao. Sasa anaujua."

Kombo akapewa rungu mbele ya watu wote, na aliyemkabidhi ni yule yule binti Jumbe, mtoto mgongoni. Jua likizama akaanza zamu yake langoni. Na pongo, kama mjuavyo, hulala sikio moja limesimama, tangu azaliwe mpaka afe. Jioni ile Bi Pongo alijinyoosha mkekani, akalaza sikio la kulia, kisha akalaza na la kushoto.

Hadithi yangu nimeifikisha, na hapa ndipo naitua.